Siku sita Ngulia, kumfuata ndege asiye na rangi

Siku ya 1

Safari hii haipangwi kwa kalenda ya kazi, inapangwa kwa mwezi. Mtu anayetaka kuwaona ndege wa Ngulia huangalia kwanza ni lini, Novemba au Desemba, usiku utakuwa wa giza totoro, ndipo anaomba likizo. Mimi niliomba yangu tangu Agosti. Mkubwa wangu kazini aliponiuliza ninakwenda kufanya nini, nikamwambia nakwenda kukamata ndege usiku. Akacheka, akidhani namtegea fumbo.

Tumetoka Nairobi saa 11 alfajiri, watu watano ndani ya gari la watu saba, maana viti viwili vimekaliwa na mafurushi ya nyavu na fito zake. Emali, Makindu, Kibwezi: kila tukiteremka joto linapanda na majani yanazidi kuwa kijani, kwa kuwa mvua za vuli zimefika wiki kadhaa zilizopita. Mtito Andei tukaingia langoni, na Tsavo Magharibi ikatupokea kwa tope jekundu badala ya vumbi jekundu.

Hoteli ya Ngulia imekaa ukingoni mwa genge, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, vilima nyuma yake na nyika isiyo na mwisho chini yake. Mbele kuna kidimbwi cha maji, na usiku kidimbwi hicho humulikwa kwa taa kali ili wageni wawaone tembo na nyati wakija kunywa. Ilipofunguliwa mwaka 1969 hakuna aliyekuwa akiwaza habari za ndege. Lakini zikaja zile wiki za Novemba na Desemba ambapo wingu hushuka usiku likakifunika kilima kizima, na asubuhi vichaka vya mbele vikakutwa vimejaa ndege wadogo ambao jioni hawakuwepo, wahamiaji wa kutoka Ulaya na Asia. Graeme Backhurst na David Pearson ni miongoni mwa walioifanya ajali hiyo ya taa kuwa kazi ya maisha. Tangu mwaka ule ule wa 1969 watu wamekuwa wakirudi msimu kwa msimu kuwavisha ndege hao pete zenye namba mguuni, ili safari zao zijulikane, na hesabu imeshafika mamia ya maelfu.

Kiongozi wetu tunamwita Mzee, ingawa hajafika sitini. Jioni ametupanga: yeye na dada mmoja mtaalamu kwenye meza ya pete, kijana wa chuo kikuu na dereva kwenye nyavu pamoja nami, na mimi tena karani inapobidi. Nimemwambia wazi kwamba wengine wote nitawapokea kwa heshima, ila nimemjia mmoja tu.

"Palustris?" akauliza. "Umesafiri njia yote hii kumfuata palustris? Huyo atakuchosha. Hana hata doa."

Hapa mezani hakuna anayemwita kwa jina jingine. Ni nusu ya pili ya jina lake la kisayansi, Acrocephalus palustris, na palustris maana yake ni wa kinamasi. Kichekesho ni kwamba huku Tsavo hakai kinamasini. Anakaa katika vichaka vya miiba vilivyochipua baada ya mvua, juu ya ardhi kavu ambayo mwezi mmoja nyuma ilikuwa majivu matupu. Hata kwao Ulaya hapendi mabwawa kama jina linavyodai. Hutafuta magugu marefu yaliyosongamana, hasa upupu wa kule, kandokando ya mito na mitaro.

Siku ya 2

Hakuna ukungu. Saa 8 usiku tumeamka, tumefungua nyavu, tumekaa. Nyota tele, kila moja mahali pake.

Tumepata popo wanne. Mmoja kanichana kidole kupitia glavu, nami nikasema maneno ambayo dada wa mezani alijifanya hakuyasikia.

Mzee anasema usiku kama huu ndege wanapita vilevile, tena kwa wingi, ila wanapita juu kabisa na hawana haja nasi. Ndege hawa husafiri usiku, kila mmoja kivyake, wakijielekeza kwa nyota na kwa ule uvutano wa sumaku wa dunia wenyewe. Anga likiwa safi, taa ya hoteli ni kijimulimuli tu huko chini. Ukungu ukishuka, nyota zinapotea, na taa inabaki kuwa kitu pekee kinachoonekana ulimwenguni; hapo ndege huizunguka asijue pa kutokea. Kwa hiyo tunachovuna hapa ni mkanganyiko wao. Sikulipenda wazo hilo mwanzoni, na bado sijalizoea.

Mchana wote nimelala.

Siku ya 3

Saa 7 na nusu usiku dereva amenigongea mlango. "Kaka, amka. Limeshuka."

Nje sikuiona mikono yangu. Taa zilikuwa zimegeuka mapovu meupe, na ndani ya mapovu yale kulikuwa na vitu vikipita, kama majani makavu yanayopeperushwa, ila majani yale yalikuwa na sauti. Vijisauti vyembamba kutoka kila upande wa giza. Kimoja kilinipita karibu na sikio nikahisi upepo wa bawa.

Nyavu zetu ni za nyuzi nyembamba nyeusi, zina kamba za mlalo zinazozigawa kwa ngazi, na kila ngazi imelegezwa ili ifanye mfuko chini yake. Ndege akigonga, huteleza akalala mfukoni. Kumtoa ni kazi ya vidole, haitaki nguvu. Unatafuta kwanza upande alioingilia, unaachanisha miguu, kisha bawa, kisha kichwa. Palustris ana miguu ya kushikia mabua, na anaushika uzi kama anavyoshika bua: ukifungua kucha tatu, ya nne inakamata upya. Wa kwanza alinichukua dakika nne. Kufikia saa 10 nilikuwa nawatoa kwa nusu dakika, ingawa kijana wa chuo alikuwa akinipita watatu kwa mmoja.

Mezani mifuko ya kitambaa imetundikwa kwenye ndoano, mingine ikitikisika. Nilipoitwa kuandika ndipo nilipomwona vizuri, kwa mara ya kwanza, chini ya taa ya Mzee.

Ni mdogo, sentimita 13 hivi kutoka mdomo hadi mkia. Mgongo ni wa kahawia iliyochanganyika na uzeituni, kama maji ya mto baada ya mvua kutulia. Tumbo ni jeupe lililoungua kidogo likawa la manjano hafifu. Juu ya jicho pana kijistari kifupi kilichofifia, na kuzunguka jicho duara jembamba jeupe. Dume na jike hawana tofauti yoyote ya kuonekana. Alipofungua mdomo kulalamika nikaona rangi kwa mara ya kwanza: ndani ni chungwa kabisa, kama embe lililoiva. Miguu ni ya rangi ya majani makavu yenye uwaridi kidogo, na kucha zake pia ni nyeupenyeupe. Basi, ndiye huyo.

"Sasa niambie," Mzee akasema, akamtoa mwingine mfukoni na kuwaweka bega kwa bega, "yupi palustris, yupi scirpaceus?"

Nikaangalia. Walikuwa pacha. Scirpaceus ni binamu yake anayekaa matete, naye pia hutoka Ulaya na Asia kuja Afrika. Nikabahatisha, nikakosa. Mzee akanionyesha kiuno, yaani manyoya yaliyo juu ya mkia: la scirpaceus lina wekundu wa kutu, la palustris halina. Lakini rangi, akasema, hudanganya chini ya taa. Kinachoaminika kiko ndani ya bawa. Akalifungua bawa kama mtu anayefungua feni ya karatasi, akahesabu kutoka nje: unyoya wa kwanza ni kijiti tu, wa pili ni mrefu, na ukingoni mwa ndani wa huo wa pili kuna mkato, mahali unyoya unapopungua upana ghafla. Kwa palustris mkato huo uko karibu na ncha. Kwa mwenzake unaingia ndani zaidi. Unapimwa kwa milimita, na tofauti ni milimita chache tu. Ndege wawili ambao wataalamu hubishana juu yao kwa darubini wakiwa vichakani hutengwa na mkato usiozidi upana wa kucha yangu.

Kisha kazi ikawa wimbo. Pete mguuni, koleo, namba, ninaandika. Bawa kwenye rula: milimita 70. Ninaandika. Mzee anapuliza tumboni, manyoya yanagawanyika, ngozi inaonekana nyembamba kama karatasi ya sigara na nyekundu ya msuli chini yake. Shimoni kooni, kwenye ule uma wa mifupa ya kifua, ndiko mafuta ya safari huwekwa, nayo huonekana ya manjano. Huyu hana kitu. Mafuta: 0. Mizani: gramu 11.4, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Umri: wa mwaka huu, kwa kuwa manyoya yake bado yana mng'ao. Wazee wao hufika hapa wamechakaa ncha za mabawa, kwani hawabadilishi manyoya mpaka wafike kusini, Zambia, Msumbiji, Zimbabwe, mashariki ya Afrika Kusini, waliko na nafasi ya kukaa.

Gramu 11.4, na ametoka labda Ujerumani, labda Urusi. Kwa njia iliyonyooka kabisa ni zaidi ya kilomita 6,000, na yeye hakunyoosha: hawa hushukia mashariki, wakavuka upande wa Bahari ya Shamu, wakapumzika wiki nyingi Sudan na Ethiopia, kisha vuli ya Kenya inapoanza ndipo wanateremka.

Hadi kunapambazuka tumevisha pete ndege 312. Palustris 171. Mkono wangu wa kuandikia haukunji.

Siku ya 4

Ukungu ulikuja, ukakaa saa moja, ukaondoka. Ndege 40. Mzee akafunga meza mapema, akasema wanaotaka kulala walale, wanaotaka kujifunza kitu wamfuate.

Tukashuka kwenye korongo kavu chini ya hoteli tukiwa na askari wa wanyamapori mbele, kwa sababu nyati wa hapa hawana mzaha. Migunga imechanua, komifora zina majani, hewa inanuka kama sabuni ya maua. Kumbikumbi wanatoka ardhini kama moshi.

Palustris wa mchana si yule wa usiku. Humwoni. Anapita ndani ya kichaka kwa urefu wa goti, kutoka bua hadi bua, na unachokiona ni jani linalotikisika pasipo upepo. Mara moja moja anatoa mlio mkavu, chak, kama mtu anayegonga kokoto mbili, halafu kimya. Anakula wadudu na buibui, na leo kwa kumbikumbi wale alikuwa na karamu. Nilikaa chini ya mgunga nusu saa nikapata kuona kichwa kimoja na mkia mmoja, na sina hakika kama vilikuwa vya ndege yule yule.

Ndipo kijana wa chuo akainua mkono. "Shore," akanong'ona.

Kweli alikuwa shore, yule ndege wa kichwa cheusi anayetuamsha kila asubuhi mjini na kijijini. Hakuna Mkenya asiyeijua sauti yake. Lakini ilitoka chini mno, ndani ya kichaka, na ilikuwa ndogo, kama shore aliyefunikwa blanketi. Kabla hajamaliza akageuka keremkerem. Mara keremkerem akakatika, akaingia mramba na mkwaruzo wake. Halafu mfululizo wa milio ambayo hakuna aliyeitambua, mikavu, ya haraka, kisha shore tena, nusu tu, kana kwamba amekumbuka kitu.

"Huyo si shore," Mzee akasema. "Ni palustris, anafanya mazoezi."

Nilikuwa nimeshasikia habari hii, na ndiyo iliyonileta, ila kuisikia kwa masikio ni jambo jingine. Dume wa palustris hana wimbo wake. Wimbo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, ni wa kuazima. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alikaa Ubelgiji akirekodi madume wakiimba, na kwa kuwa aliwajua ndege wa Afrika pia, alisikia kile ambacho wengine walikisikia kama kelele. Mwaka 1979 alitoa hesabu yake: katika nyimbo zile kulikuwa na sauti za ndege wa aina 212, na 113 kati yao walikuwa wa Afrika. Dume mmoja kwa wastani alibeba aina 76.

Sababu yake inanifurahisha zaidi ya hesabu. Dume hufika kwao mwishoni mwa Mei, akaimba usiku na mchana kwa siku chache, na akipata jike anapunguza hata kunyamaza. Jike hufuma kiota cha majani makavu katikati ya mabua na kukifunga kwa vishikio, kama kikapu kilichotundikwa, akataga mayai manne au matano. Makinda yanapotoka kiotani madume wengi wameshafunga vinywa. Kwa hiyo mtoto wa palustris hamsikii baba yake akiimba. Anajifunza kwa majirani: mbayuwayu, shomoro, yeyote apigaye kelele. Agosti anaondoka, na masomo yanaendelea njiani, Ethiopia, Tsavo, hadi kusini. Mwaka wake wa kwanza ukiisha, mlango wa kujifunza unafungwa. Alichonacho ndicho atakachoimba maisha yake yote. Ndiyo maana ukimsikiliza kwa makini unaweza kujua alikopita, kwa kuwa ndege wengine aliowaiga hawaishi popote ila pembe hii ya Afrika.

Kijana akauliza, "Kwa hiyo, Mzee, kuna mkulima huko Ujerumani anaamshwa na shore wa Tsavo?"

"Kila Juni," Mzee akajibu. "Ila yeye hajui kama ni shore."

Tulikaa mpaka jua lilipotufukuza. Yule mwanafunzi wa kichakani aliimba kama dakika kumi na tano, kwa sauti ya chini mno, si ya kumwita jike wala ya kumfukuza mtu. Karibu na mwisho alimrudia shore mara tano mfululizo, na mara ya nne aliharibu katikati. Niliangalia kote kumtafuta shore mwenyewe. Alikuwepo, juu ya komifora, kimya, akijikuna.

Siku ya 5

Ukungu mzito tangu saa 6. Ndege 488. Sitaandika mengi kwa kuwa nimeandika mno usiku kucha.

Sprosser, mhamiaji mwingine, wengi leo. Huyo ni mkubwa zaidi, kahawia iliyokolea, kifua kama kilichopakwa moshi, mkia wenye wekundu, na kwa uzito ni palustris wawili. Jina hilo ni la Kijerumani, nalo limeshika hapa mezani kuliko jina lolote. Kaja pia ndege aitwaye Irania, mmoja tu, dume, koo jeupe na kifua cha chungwa, na wageni wote wa hotelini waliokuwa macho wakamkimbilia kwa simu zao. Palustris 203 walipita chini ya taa ile ile, na hakuna aliyepigwa picha.

Saa 11 Mzee akanyamaza ghafla, akawa anapima mdomo wa ndege mmoja mara mbili, mara tatu. Alikuwa mrefu zaidi wa mdomo, wa kijivujivu mgongoni. Griseldis, binamu mwingine wa palustris, kutoka mabwawa ya Iraq, mmoja wa ndege adimu wa jamii hii. Meza nzima ilisimama kumtazama. Kwa mtu wa kawaida ni kahawia mwingine tu, na siku tano nyuma mtu huyo nilikuwa mimi.

Kosa la usiku ni langu. Nimeruka mstari mmoja daftarini, ndege 23 wakaandikiwa uzito wa wenzao. Dada wa mezani aliligundua kwa sababu Sprosser wa gramu 12 hayupo duniani. Tumerekebisha kwa kurudi nyuma kufuata namba za pete. Hakunigombeza, ila kalamu amenipokonya.

Kati ya palustris wote tuliowavisha pete tangu siku ya tatu, tuliomkamata tena ni mmoja. Alipata mafuta kidogo: 2. Wengine wameshakwenda.

Siku ya 6

Usiku wa mwisho, ukungu mwembamba, ndege 97. Kunakucha tukafungua mifuko ya mwisho. Kazi ya kuachia imekuwa yangu, zawadi ya karani aliyefukuzwa.

Wa mwisho kabisa alikuwa palustris wa mwaka huu, gramu 12.1. Nikamlaza kiganjani chali, kama nilivyofundishwa, kisha nikafungua vidole. Hakuondoka. Alilala pale akinitazama kwa jicho moja, kifua kikienda mbio, kucha zake zimeshika kidole changu cha shahada kama bua. Nikangoja. Nilikuwa nimeshajiandalia picha kichwani: atainuka, atazunguka mara moja, ataelekea kusini.

Akajigeuza, akaruka mita sita tu, tena kuelekea kaskazini, akajitupa ndani ya kichaka cha kwanza alichokiona kando ya maegesho ya magari. Jani likatikisika. Chak.

"Ana njaa," Mzee akasema, akaanza kukunja nyavu. Tulitumia saa mbili nzima kuchambua miiba kutoka kwenye nyuzi kabla ya kuzifunga.